Dereva kasema mkeka, chokaa ikasema vingine

Lile lori letu la majaribio sasa linatembea. Linatembea huku kompyuta ndogo tuliyoifunga chini ya kiti ikiamua shokapu za nyuma ziwe ngumu au laini mara 500 kila sekunde, na halitembei Ulaya, linatembea hapa hapa Tanga, kwenye barabara ya ndani ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza. Niliahidi watu wengi kwamba likikaa sawa ntaandika, basi naandika, na mniwie radhi kama ntakuwa mrefu maana tulichokiona kwenye ile njia kimenibadilisha kabisa namna ninavyoiangalia shokapu ya gari kubwa, na mimi kazi yangu ni umeme wa malori, hivi vitu navishika kila siku ya Mungu.

Nianze na kwa nini. Asiyeijua Tanga ajue kwamba malori huku hayalali. Kuna saruji inatoka Pongwe, kuna mizigo ya bandarini, kuna wanaokwenda Horohoro wavuke kuelekea Mombasa, na wote wa Dar na wa Moshi lazima wapite Muheza, Hale, mpaka Segera. Sasa kaa gereji uangalie yanayoingia. Breki watatengeneza, tairi watabadilisha, taa za nyuma wakishakutana na trafiki mkali watafunga mpya siku hiyohiyo. Shokapu hamna anayeuliza. Nimefungua malori ambayo shokapu imevuja mafuta yote imebaki bomba tupu, mengine zimeng'olewa kabisa na pale zilipokuwa zimefungwa pameota kutu, afu mwenye gari anakwambia fundi hiyo achana nayo, gari si inatembea? Na kweli inatembea. Springi ndo inayobeba mzigo, shokapu haibebi hata mfuko mmoja wa saruji, kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya kupigwa, kwa hiyo ikifa lori halianguki, linaanza tu kudunda, na dereva anazoea, na mwenye mali hayumo ndani ya kebini kwa hiyo hajui.

Halafu kuna tatizo jingine ambalo halina uhusiano na uchakavu. Shokapu ya kawaida hata ikiwa mpya bado iko kwenye boksi ina ugumu mmoja tu, ndo iliyozaliwa nao. Lori likienda limebeba ekseli ya nyuma ina tani 10, likirudi tupu ekseli ileile ina tani 3 au 4 hivi. Ugumu unaofaa kwa tani 10 ukiuweka kwenye lori tupu, matako ya dereva yanajua, na mkia wa gari unarukaruka kwenye kila rasta. Ugumu wa lori tupu ukiupa tani 10 mzigo unaogelea, ukikata kona bodi linalala afu linachelewa kurudi. Kiwandani wanachagua katikati, na katikati hiyo kwa kweli haimfai yeyote vizuri. Ndo hapo kompyuta inapopata kazi.

Wazo lenyewe lina umri. Lotus walilipeleka kwenye Formula 1 mwaka 1983, mwaka 1987 Ayrton Senna akashinda Monaco akiwa na Lotus yenye mfumo huo, 1992 Nigel Mansell akabeba ubingwa wa dunia na Williams FW14B, na kufika msimu wa 1994 mfumo ukawa umeshapigwa marufuku kwenye mashindano hayo. Ule ulikuwa mfumo wenye nguvu zake wenyewe, pampu na pistoni za mafuta zinalisukuma gurudumu chini na kulivuta juu kwa amri ya kompyuta. Kwenye magari mazito Wamarekani nao wamejaribu sana, Chuo Kikuu cha Texas pale Austin waliweka mota za umeme kwenye HMMWV, ile Humvee ya jeshi, badala ya shokapu, mota ndo inalishika gurudumu. Vitu vizuri sana, lakini vinakula nguvu na vinakula hela, na sisi hatuna vyote viwili.

Njia tuliyoishika sisi ni ya Dean Karnopp wa Chuo Kikuu cha California kule Davis na wenzake, waliyoiandika mwaka 1974. Walisema hivi, huhitaji kulisukuma gurudumu, acha shokapu ibaki shokapu, wewe badilisha ugumu wake tu kwa wakati unaofaa. Chukulia kwamba kuna shokapu moja imefungwa angani, upande mmoja umeshika mbingu upande mwingine umeshika bodi la lori, hiyo ingelituliza bodi bila kuhangaika na barabara ikoje. Kitu hicho hakipo, lakini unaweza kukiigiza. Bodi likienda juu huku shokapu inavutika, kaza. Bodi likienda juu huku shokapu inabanwa, legeza. Bodi likishuka huku inabanwa, kaza, likishuka huku inavutika, legeza. Basi. Sheria nzima unaiandika nyuma ya risiti, na umeme unaohitajika ni wa kufungua na kufunga valvu, betri ya lori haishtuki hata kidogo.

Gari tulilotumia ni lori la ekseli mbili, kuukuu, nyuma lina springi za upepo tulizozipata kwenye gari lililokatwa. Shokapu ni za valvu ya umeme, ukiongeza au kupunguza umeme ndani yake mafuta yanapita kwa shida au kwa raha. Sensa moja iko kwenye chesisi inasikia bodi linavyotikisika, nyingine ni ya mkono, mkono mmoja umeshika chesisi mwingine ekseli, inaonesha wamekaribiana au wameachana kiasi gani. Programu kaiandika dogo, mtoto wa shangazi yangu, kamaliza chuo juzi juzi na hajapata ajira, na niseme wazi kwamba bila yeye mimi ningeishia kwenye kufunga waya. Anayeendesha ni mjomba, miaka kibao kwenye malori, barabara za nchi hii kazimaliza, na kiuno chake ni ushahidi.

Wenzetu wana viwanja vya kazi hii. Waingereza wana MIRA iliyoanzishwa 1946 kwenye kiwanja cha zamani cha ndege, wana na barabara ya mawe ya Kibelgiji ya kuvunjia magari makusudi. Wamarekani wana Aberdeen kule Maryland tangu 1917, jeshi linapima vifaru na malori hapo hapo. Sisi tuliomba ruhusa kwa msimamizi wa shamba, akatupa kipande cha njia iliyonyooka, udongo mwekundu umeshindiliwa na matrekta miaka na miaka mpaka umekuwa mgumu kama sakafu, mkonge kushoto mkonge kulia, na sharti lake lilikuwa moja tu, tusimame wakati trekta la majani linapita.

Jaribio la kwanza lilikuwa la taratibu kabisa na ndo ambalo ningependa kila mwenye lori alijue. Ulaya mwaka 1992 walitoa mwongozo unaosema springi za ekseli inayovuta zikitaka kuhesabiwa sawa na za upepo, lazima bodi lisidunde zaidi ya mara 2 kwa sekunde, na shokapu ziwe na uwezo wa kuua mdundo kwa zaidi ya asilimia 20 ya kile kiwango ambacho mdundo unakufa bila kurudi kabisa. Na namna ya kupima wameruhusu kitu rahisi, lori linapandishwa kwenye kijukwaa cha milimita 80, linatembea kilomita 5 kwa saa, linadondoka, unaangalia bodi linavyocheza. Hesabu yake ukiifanya, asilimia 20 maana yake mdundo wa pili uwe chini kidogo ya theluthi ya ule wa kwanza. Tukachonga ubao wa mninga, tukaupigilia, milimita 80 kwa tepu, mjomba akapanda na kushuka.

Tulianza na shokapu zimefunguliwa, kama yale malori niliyoyasema. Lori likadondoka, likadunda, likadunda, likadunda, dogo amekaa na laptopu kwenye ndoo iliyogeuzwa anaangalia mstari unapanda unashuka hautaki kulala, na vibarua waliokuwa wanafunga mkonge wakaacha kazi wakaja kuangalia. Shokapu za kawaida tukafunga, mdundo wa kwanza, wa pili mdogo, kimya. Tukawasha za kompyuta, mdundo wa kwanza tu, wa pili ukiutafuta kwa macho huuoni, unauona kwenye laptopu. Hapo tukapeana mikono.

Jaribio lenyewe sasa ni la mbao. Bodi la lori linadunda polepole, mara moja na nusu mpaka 2 kwa sekunde, lakini ekseli na magurudumu yake yana mdundo wao tofauti, wa haraka, kwenye hezi 10 hivi, mara 10 kwa sekunde, kwa sababu gurudumu limebanwa katikati ya springi juu na upepo wa tairi chini. Huo ndo mdundo hatari na ndo usioonekana ukiwa kebini. Ukitaka kuuamsha hesabu ni nyepesi, kilomita 36 kwa saa ni mita 10 kwa sekunde, kwa hiyo panga mbao kila baada ya mita 1, pita kwa 36, kila sekunde gurudumu linapigwa mara 10. Rasta za barabarani na mawimbimawimbi ya barabara za vumbi yanafanya kazi hiyohiyo bila mtu kupanga. Tukapanga mbao nyembamba, tukazipigilia kwa misumari mirefu, tukapakia viroba vya mchanga mpaka ekseli ya nyuma ikakaa kwenye uzito wake, hakuna mtu nyuma, mjomba peke yake ndani na mkanda kafunga.

Mjomba akapita mara ya kwanza na mfumo umewashwa kwa ile sheria ya Karnopp, akaenda mpaka mwisho, akageuza, akarudi anacheka peke yake, akashusha kioo.

"Mpwa, hii ni mkeka. Mkeka kabisa. Nimeshika usukani kwa kidole."

Dogo anaangalia laptopu naye anafurahi, mtikisiko wa bodi umeshuka vibaya sana ukilinganisha na shokapu za kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama mwisho wa mbao, pale zinapoishia, na kabla lori halijapita nilikuwa nimemwaga chokaa, chokaa ya kupakia nyumba, Tanga haiishi hiyo, nimeisambaza nyembamba kwa ufagio hatua kama 20 mbele ili nione alama za tairi. Nikachuchumaa kuangalia.

Alama ya kwanza baada ya ubao wa mwisho ilikuwa imekanyagwa haswa, kila jino la tairi umeliona, chokaa yote imebebwa udongo mwekundu uko wazi. Mbele yake kama nusu mita alama ikapauka, mistari ya tairi kama imechorwa na penseli, chokaa bado imelala pale pale kasoro ya juu imepigwa vumbi kidogo. Afu tena imekanyagwa, nyekundu. Afu tena imepauka. Nyekundu, nyeupe, nyekundu, nyeupe, kila mita moja, tairi zote mbili za pacha zinafanana, mpaka karibu chokaa inaisha ndo alama inakuwa sawasawa. Yaani gurudumu lilikuwa linaruka lenyewe huku bodi limetulia juu yake na dereva anasema mkeka. Nikawaita. Mjomba akashuka, akaangalia, akainama akapitisha kidole kwenye ile sehemu nyeupe, hakusema kitu kwa muda.

Tukazima umeme wa mfumo, shokapu zikawa ngumu moja kwa moja, tukafagia, tukamwaga chokaa upya, mjomba akapita akilalamika njia nzima, na kwenye chokaa alama zikaruka mara mbili tu zikakaa.

Ikabidi tukae chini ya mwembe tufikiri. Sababu tuliipata na ni ya kimaumbile, si ubovu wa kifaa. Valvu zetu zikipewa amri zinachukua kama milisekunde 30 mpaka mafuta yakubali. Kwa bodi hiyo si kitu, mdundo mmoja wa bodi unachukua zaidi ya milisekunde 500, valvu inafika mapema. Lakini mdundo wa gurudumu ni milisekunde 100 nzima, 50 kupanda na 50 kushuka, kwa hiyo amri ikitoka gurudumu liko njiani kwenda juu, valvu inapokaza gurudumu linakaribia kugeuka. Na zaidi ya hapo, ile sheria yenyewe inalipenda bodi peke yake. Imeambiwa ilitulize bodi, inalituliza, na njia mojawapo ya kulituliza ni kulegeza ili gurudumu lifanye litakavyo huko chini. Wataalamu wanalijua hili, ndo maana kuna sheria nyingine ya pili inayochukulia shokapu imefungwa ardhini badala ya mbinguni, inalitetea gurudumu, na magari mazuri yanachanganya zote mbili.

Kwa nini nalipigia kelele sana? Kwa sababu ya breki kwanza. Tairi isiyokanyaga haisimamishi gari, huo mstari mweupe kwenye chokaa ni nusu mita ya barabara ambayo hapo mjomba angekanyaga breki gurudumu lingefunga bure. Mwendesha bodaboda aliyekatiza mbele pale Hale hajui kama shokapu yako ni ya kisasa.

Na pili ni barabara zenyewe. Kati ya 1958 na 1960 Wamarekani walifanya jaribio kubwa karibu na mji wa Ottawa, jimbo la Illinois, malori yanaendeshwa na wanajeshi yanazunguka usiku na mchana kwenye barabara zilizojengwa makusudi zivunjwe, na kutoka hapo ikapatikana hesabu ambayo wahandisi wa barabara wanaitumia mpaka leo, kwamba uharibifu unapanda kwa takriban uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara 4. Ekseli ya tani 12 inaharibu zaidi ya mara mbili ya ekseli ya tani 10, japo uzito umeongezeka kwa asilimia 20 tu. Sasa sisi tuna mizani, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inasema ekseli moja yenye tairi 4 mwisho tani 10, na gari zima mwisho tani 56, na ni sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini mizani inalipima lori likiwa limesimama au linatambaa. Likitoka pale na shokapu zilizokufa, likapiga tuta, ile tani 10 inakuwa 12, inakuwa 8, inakuwa 12, na kwa kuwa malori mengi yanafanana na yanapita kwa mwendo unaofanana, yanakandamiza lami sehemu zilezile. Nenda kaangalie mwenyewe baada ya tuta lolote la zamani, utaona bonde la kwanza, afu sehemu nzuri, afu bonde la pili, yamepangana. Watu wanasema mkandarasi kala hela. Inawezekana katika sehemu nyingine, lakini mabonde yaliyopangana kwa nafasi sawa yamechimbwa na malori yanayodunda. Kwa maoni yangu shokapu ingekaguliwa kwa ukali uleule wa tairi, na ule ubao wa milimita 80 hauhitaji mashine ya mamilioni.

Turudi njiani. Dogo akapendekeza tusikimbizane na kila mdundo wa gurudumu, maana hatutaufikia, badala yake tuweke sensa ya tatu kwenye ekseli yenyewe, isikilize kama kuna mtikisiko wa kwenye hezi 10 hivi unakua, na ukikua basi shokapu inawekewa sakafu, yaani inaruhusiwa kukaza kadri inavyotaka kutuliza bodi lakini hairuhusiwi kulegea chini ya hapo mpaka ekseli itulie. Nilipenda sana wazo lake kwa sababu halihitaji valvu ya haraka. Ile kutambua mtikisiko umekua inachukua muda kidogo, ubao wa kwanza na wa pili vinapita, lakini kuanzia hapo gurudumu limeshikwa.

Kufunga sensa kwenye ekseli ndo kazi iliyonitoa jasho. Huko chini kuna joto la breki, kuna matope, kuna kokoto zinazorushwa, na waya unapinda kila gari linapodunda, kwa hiyo waya wa kawaida unakatika ndani huku nje gamba liko zima, na sensa inaanza kudanganya badala ya kufa, ambayo ni mbaya zaidi. Nilitumia waya wa aina ile inayoenda kwenye sensa za breki za ABS, zile zinazozuia gurudumu lisifunge, nikauacha na kitanzi cha kutosha, nikaufunga sehemu mbili na siyo tatu ili upate pa kupindia. Fundi mwenzangu unayesoma, hicho kitanzi kisiwe kidogo, kipe ukubwa wa kiganja.

Tukamwaga chokaa tena. Mjomba akapita. Alama ya kwanza nyekundu, ya pili imepauka kidogo, ya tatu karibu sawa, baada ya hapo tairi imechapa meno yake mfululizo mpaka mwisho wa chokaa. Nilipiga kelele mpaka msimamizi akatoka ofisini.

Mjomba ndo hakufurahi moja kwa moja. "Ile ya mwanzo ilikuwa tamu zaidi," akasema, na ni kweli, kwenye mbao mtikisiko wa kebini ulirudi kidogo. Tulibishana hapo kwa heshima zote lakini tulibishana. Na siwezi kumpuuza, mwili wa binadamu unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu chini wa kati ya hezi 4 na 8, madereva wa malori wanaishi humo humo, na jeshi la Marekani tangu miaka ya 1960 linapima mwendo wa gari kwenye njia mbaya kwa kuangalia mwili wa dereva unameza nguvu kiasi gani, ikifika wati 6 wanahesabu kwamba huo ndo mwisho wa mwendo ambao mtu anaweza kuuvumilia. Kiuno cha mjomba ni kitu cha kuheshimiwa. Lakini dereva anaweza kuwekewa kiti cha upepo, tairi haina kiti. Kwa hiyo tumekubaliana sakafu inapanda pale tu ekseli inapotikisika, kwenye lami nzuri inashuka chini na yeye anaupata mkeka wake, na dogo amelainisha ile namna ya kupanda ili isimshtue.

Kuna jambo ambalo mjomba alilidai tangu mwanzo kabla hajakubali kukaa kwenye usukani, na nalishukuru sana. Aliniambia, "Mpwa, siku nateremka kutoka Lushoto na viazi, hiyo kompyuta yenu ikizimika, mimi ntakuwa na nini?" Valvu za umeme ziko za aina mbili, kuna zinazokuwa laini umeme ukikatika na kuna zinazokuwa ngumu. Sisi tulichagua zinazokuwa ngumu, hata kama zinakula umeme zaidi wakati wote zinapolegeza. Na tukalijaribu hilo kwa vitendo, lori liko kwenye mbao kwa mwendo wa kilomita 20, dogo amekaa pembeni ya mjomba, anachomoa fyuzi bila kumwambia ni ubao gani. Gari likawa gumu, likapiga kelele, usukani haukucheza, likaendelea kunyooka. Tukarudia kwa kuchomoa sensa moja moja na fyuzi iko mahali pake, maana hiyo ndo itakayotokea mara nyingi zaidi barabarani, na kompyuta ikaona hesabu haziendani, ikaachia yenyewe ikarudi kwenye ugumu. Ya kukwepa ghafla kwa kasi hatujaifanya na hatutaifanya pale, wenzetu wakifanya wanafunga vyuma vya pembeni vyenye magurudumu ili lori lisipinduke, sisi hatuna na sitamweka mjomba kwenye hatari hiyo.

Kilichobaki saivi ni joto. Baada ya kupita mbao kwa kufuatana shokapu zinakuwa za moto huwezi kushika, mafuta yanakuwa mepesi, na ugumu uleule tunaouagiza unatoka pungufu. Tutafunga sensa ya joto kwenye bomba lake na dogo ataongeza umeme kadri joto linavyopanda, tukitanguliza kuangalia kama tuna nafasi ya kuongeza. Baada ya hapo ekseli ya mbele, ambayo bado ina springi za vyuma vya kupangana, na hizo zina msuguano wao kati ya chuma na chuma unaoichanganya sensa, kwa hiyo kazi ya mbele itakuwa ngumu zaidi. Mwenye shokapu za valvu ya umeme zilizotoka kwenye lori lililokatwa, hata kama zinavuja, tuwasiliane, tunazinunua, za kuvuja tutazibadilisha sili wenyewe.